Uzoefu wangu na Ryzen 5 5600X: kompyuta inayozimika ikiwa imetulia

Baada ya kuongeza kasi ya kichakataji, kompyuta yangu ilikuwa inatoa video ya harusi ya saa mbili bila kutetereka, viini vyote vikifanya kazi kwa nguvu zote. Halafu nikiiacha imetulia, nimefungua folda ya picha tu au ukurasa wa intaneti, skrini inakuwa nyeusi na mashine inajiwasha upya. Hakuna onyo wala skrini ya bluu. Wenye Ryzen za kizazi hiki wanaougua ugonjwa huu ni wengi, na hapa Lubumbashi ukimpelekea fundi atakujibu kabla hajashika bisibisi: "Ni umeme tu, yaya." Unanunua stabilizateri, unalipa dola zako, na tatizo linabaki palepale. Ndiyo maana nimeona nieleze kwa urefu.

Kichakataji chenyewe ni AMD Ryzen 5 5600X, kilichotoka Novemba 2020. Kina viini 6 na nyuzi 12 (kila kiini kinabeba kazi mbili kwa wakati), kasi ya msingi gigahezi 3.7 na ya juu 4.6. Nimekifunga kwenye ubao mama wa B550, pamoja na RAM ya DDR4-3200 na kipooza cha mnara chenye feni ya milimita 120. Feni ndogo inayokuja ndani ya boksi inatosha kwa mipangilio ya kiwandani. Kwa mtu anayetaka kuongeza kasi mwezi wa kumi, joto la Katanga likiwa limekaza kabla ya mvua, haitoshi. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na za kwaya, na kwa kazi hiyo kichakataji hiki nakisifu bila kusita. Kikiwa na mipangilio ya kiwandani hakijawahi kunizimikia hata mara moja.

Kuongeza kasi ya chipu hizi si kama zamani, ulipokuwa unafunga viini vyote kwenye kasi moja na kupandisha volteji. Ukifanya hivyo hapa, kazi zinazotegemea kiini kimoja zinaweza hata kuwa za polepole kuliko mwanzo. Njia nzuri ni PBO (Precision Boost Overdrive) pamoja na Curve Optimizer, vyote viko ndani ya BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ya ubao mama unaofunguliwa kabla ya Windows. PBO inalegeza mipaka ya umeme ambayo kwa 5600X kiwandani ni wati 76. Curve Optimizer inakupunguzia volteji ya kila kiini kwa hatua ndogo, kila hatua kama milivolti 3 hadi 5, na unaweza kwenda hadi hatua 30 chini. Chipu ikiona inatumia volteji ndogo na joto limepungua, inapanda yenyewe. Nilipandisha dari ya kasi, ambayo kwa kweli ni gigahezi 4.65, kwa megahezi 200, nikaweka hasi 25 kwa viini vyote, kama wengi wanavyoanza. Alama za Cinebench R23, programu ya kupima kasi, zikapanda kutoka kama 10,900 hadi karibu 11,700. Jaribio zito la Prime95, programu inayokibebesha kichakataji hesabu nzito, likakesha usiku mzima bila kosa. Mtu yeyote angesema mashine imekubali.

Kisha ndipo kuzimika kulipoanza, na nilianza na umeme, kwa sababu si haki kuucheka ushauri wa mafundi wetu. Jioni mtaani kwetu, watu wakiwasha majiko ya umeme kwa ajili ya bukari, kipimo changu kinaonyesha volti chini ya 190. Lakini soma kibandiko cha pawasaplai: ya kwangu imeandikwa 100 hadi 240. Maana yake volti 190 ni kawaida kwake kama zilivyo 220. Kinachoiua ni umeme kukatika kabisa, na hilo onduleri (UPS) inalibeba. Zaidi ya hapo, kompyuta ilizimika hata saa nane za usiku, umeme ukiwa umetulia kuliko wakati wowote.

Ushahidi wenyewe uko ndani ya Windows, kwenye orodha ya matukio ya mfumo. Umeme ukikatika utakuta mstari wa Kernel-Power 41 peke yake: mashine inasema tu kwamba ilizimika bila kuagwa. Mimi, pembeni ya huo, nilikuta WHEA-Logger namba 18 (taarifa ya kosa la kifaa chenyewe), aina ya kosa Cache Hierarchy Error, na chini yake APIC ID: 6, yaani namba ya uzi uliokosea. Siku nyingine 7. Halafu 6 tena. Umeme wa mtaa hauwezi kuchagua kiini cha kukiangusha. Gawanya namba hiyo kwa mbili, acha sehemu, na umepata kiini: 6 na 7 zote ni kiini cha 3. Angalia kitu kimoja hapa, maana kinawapoteza wengi: BIOS inahesabu viini kuanzia 0, lakini programu ya AMD ya Ryzen Master inaanzia 1. Kiini cha 3 kwenye BIOS ni cha nne kwenye Ryzen Master. Ukikosea hapo utamtibu asiyeumwa.

Kabla ya kukigusa hicho kiini nilirudisha RAM kwenye megahezi 2133, nikabadilisha pia kile kipengele cha BIOS kinachohusu pawasaplai wakati wa kupumzika, nikakiweka Typical Current Idle. Kwa baadhi ya watu hicho ndicho kilichowaponya. Kwangu hakuna kilichobadilika, na RAM nikairudisha kwenye kasi yake.

Sasa kwa nini inazimika ikipumzika na si ikifanya kazi? Viini vyote sita vikibeba mzigo, joto na mipaka ya wati vinaishusha kasi, pengine hadi gigahezi 4.5 au 4.6, na kwa kasi hiyo volteji iliyopunguzwa bado inatosha. Mzigo ukiwa mwepesi, kiini kimoja kinaamka peke yake na kurukia 4.85 kwa sekunde moja, kisha kinalala. Ni juu pale kwenye 4.85 ambapo volteji iliyopunguzwa haitoshi. Chipu ikiwa baridi inathubutu kupanda zaidi, na asubuhi za mwezi wa saba, baridi ya Lubumbashi ikiwa kali, ndipo iliponizimikia zaidi. Kwa hiyo Prime95 ya viini vyote haikunidanganya, ilijibu swali jingine.

Programu iliyonisaidia inaitwa CoreCycler. Ni ya bure na ni nyepesi kuipakua hata kwa vifurushi vyetu vya data. Inaita Prime95 hiyohiyo, lakini inaipa kiini kimoja kwa wakati, kisha inahamia kingine, na kosa likitokea inakuandikia ni kiini gani. Iweke kwenye SSE, aina mojawapo ya hesabu zake, maana huo ndio mzigo mwepesi unaoacha kasi ipande hadi mwisho. Kiini cha 3 kilianguka ndani ya dakika chache. Na ndicho Ryzen Master imekiwekea nyota, yaani bora kuliko vyote! Nilishangaa, lakini ukifikiri inaeleweka: kiini bora kiwandani tayari kimepewa volteji ndogo kwa kasi kubwa, hakina akiba ya kukupa. Viini vya kawaida ndivyo vyenye mafuta ya kupunguza.

Nilikipandisha hatua kwa hatua hadi kikatulia kwenye hasi 8. Kiini cha 0 nacho kilidai hasi 14. Vinne vilivyobaki vikakubali hasi 25 bila shida. Cinebench ya viini vyote haikupungua kiasi cha kuonekana, na WHEA haijarudi tena, si kwenye baridi wala kwenye joto.

Je, nakipendekeza? Ndiyo, hasa kwa mwenye ubao mama wa AM4 (soketi ya kichakataji hiki) tayari. Nyongeza ya kasi kwenye video ya saa mbili ni dakika kadhaa tu. Kama mteja anasubiri kesho na huna muda wa kupima kiini kwa kiini, acha mipangilio ya kiwandani, utafanya kazi kwa amani. Mwenye muda apime usiku, kila kiini kipate zaidi ya mzunguko mmoja, na aziandike thamani zake kwenye karatasi, kwa sababu ukisasisha BIOS zote zinafutika na kurudi sifuri.