Utetezi wa wazazi wasio na uwezo katika Mahakama ya Familia ya New York: tathmini ya huduma

Mzazi anayefikishwa Mahakama ya Familia jijini New York kwa tuhuma za kumnyanyasa au kumtelekeza mwanawe, naye hana fedha za wakili, hupangiwa wakili bila malipo. Haki hiyo haitegemei huruma ya hakimu, kwani Mahakama ya Rufaa ya jimbo iliithibitisha mwaka 1972 katika shauri la Ella B. na baadaye ikaingizwa katika sheria. Kwingineko Marekani mambo hayako hivyo kila mahali: Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua mwaka 1981, katika shauri la Lassiter na kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba Katiba haimhakikishii kila mzazi maskini wakili hata pale serikali inapotaka kumfutia kabisa haki zake za uzazi. Kwa kuwa New York wakili yupo, linalobaki kupimwa ni wakili wa namna gani, na anakuja na nani.

Jiji lina njia mbili za kumtetea mzazi. Njia ya zamani ni ya mawakili binafsi walio kwenye orodha ya mahakama, ambao hulipwa kwa saa. Malipo hayo yaliwekwa kuwa dola 75 mwaka 2004, na sheria ya jimbo haikuyapandisha hadi 2023, yalipofikia dola 158. Kwa miaka yote hiyo kodi ya ofisi na mshahara wa karani vilitoka katika kiasi kile kile, kwa hiyo si ajabu kwamba orodha ilizidi kupungua. Wapo humo mawakili hodari wenye uzoefu mrefu, lakini kila mmoja yuko peke yake, na hapo ndipo huduma inapopwaya.

Njia ya pili ilipanuka mwaka 2007, jiji lilipoanza kuingia mikataba na ofisi maalumu za utetezi wa familia, zikiwamo Center for Family Representation na Bronx Defenders. Katika ofisi hizi mzazi hapewi wakili tu. Hupata pia ofisa ustawi wa jamii anayefanya kazi upande wa utetezi, si upande wa idara ya ustawi wa watoto iliyomchukua mtoto, na mara nyingi mzazi mwingine ambaye aliwahi kunyang'anywa watoto akapigana hadi wakarudi. Huyu wa tatu ndiye ninayemwona wa thamani kubwa kuliko mshahara wake unavyoonyesha. Katika kikao cha idara, ambapo mama mwenye uchungu akipaza sauti huandikwa kuwa ni mkali na akinyamaza huandikwa kuwa hajali, mtu aliyekwisha kukalia kiti hicho hicho hujua lini aombe dakika tano watoke nje wapumue.

Tofauti huonekana mapema. Sheria ya jimbo inamruhusu mzazi ambaye mtoto wake ameondolewa kuomba arudishiwe, na maombi hayo yanapaswa kusikilizwa ndani ya siku tatu za kazi za mahakama. Hakimu humrudisha mtoto isipokuwa akiona kwamba kurudi kwake kutahatarisha maisha au afya yake. Siku tatu si nyingi. Wakili aliye peke yake hutumia muda huo kusoma faili na kuandaa maswali ya kumhoji ofisa wa idara, ilhali penye timu, wakati yeye akifanya hivyo, mwenzake anakwenda kuiona nyumba, anampata bibi aliye tayari kuhamia kwa muda na anatafuta nafasi ya matibabu, ili hakimu awe na mpango mkononi na si ahadi tu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliolinganisha njia hizi mbili kwa familia zaidi ya 9,000 za jiji hilo, ulionyesha kwamba watoto ambao wazazi wao walitetewa na ofisi za timu walikaa katika malezi ya serikali siku 118 pungufu kwa wastani, katika miaka minne tangu shauri kufunguliwa. Usalama wao haukupungua kwa sababu hiyo, na hilo ndilo jibu kwa wale wanaodhani kwamba kumtetea mzazi ni kumweka mtoto hatarini.

Kasoro zipo, na kubwa ni kwamba haki ya wakili huanza mahakamani, wakati maneno yanayomponza mzazi aghalabu huwa amekwisha kuyasema mlangoni kwake wakati wa uchunguzi. Ofisi kadhaa zimeanza kushauri wazazi katika hatua hiyo, na ningependa jambo hilo liwe haki badala ya bahati. Kasoro nyingine ni ucheleweshaji: ushahidi husikilizwa vipande vipande kwa miezi, ilhali sheria ya shirikisho ya 1997 inaitaka serikali, isipokuwa kwa sababu maalumu, kuomba haki za uzazi zifutwe mtoto akifikisha miezi 15 kati ya 22 katika malezi yake. Timu nzuri haiwezi kuirefusha siku ya hakimu.

Mzazi hachagui njia atakayopangiwa, na wazazi wawili wenye maslahi yanayopingana hawawezi kutetewa na ofisi moja, hivyo mmoja wao huweza kuangukia kwenye orodha. Aliyepangiwa wakili wa orodha anaweza kumtaka aombe kibali cha mahakama cha kumlipia mtaalamu wa ustawi wa jamii. Kibali hicho kipo kisheria, lakini ni lazima kiombwe. Kwa msomaji wa Kiswahili niongeze kwamba mahakama hutoa mkalimani bure, ila kazi yake ni ya mahakamani. Kwa mazungumzo ya ofisini na wakili, mzazi adai mkalimani mwingine tangu kikao cha kwanza, na asikubali mwanawe mkubwa atafsiri tuhuma zinazomhusu yeye mwenyewe.