Jiko banifu la shule yetu, miezi saba baadaye

Nafundisha Jiografia sekondari moja pembezoni mwa Ujiji, na chakula cha wanafunzi pia kiko mikononi mwangu. Kila Alhamisi roho iliniuma: kipindi cha pili naeleza jinsi ukataji miti unavyokausha vijito, mapumziko nasimama getini kuhesabu kuni, kila mtoto na fungu lake. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, lakini kuni zilibaki kuwa mchango wa kimyakimya, na mabinti ndio waliozifuata porini.

Jiko tulijengewa na fundi wa hapahapa mjini, la matofali ya kuchoma, nafasi mbili za sufuria kubwa. Sufuria inazama mpaka karibu na masikio, moto unaikumbatia ubavuni, moshi unapanda bombani hadi juu ya paa. Mafiga yalikula toroli tatu kwa makande ya siku moja. Sasa ni toroli moja na kidogo. Na ugali! Sufuria haichezi hata mpishi akiukamata mwiko kwa mikono miwili. Mama wa jikoni alinionyesha leso yake saa nne asubuhi, kavu. Zamani saa hiyo ilikuwa imeloa machozi na masizi.

Kasoro zipo. Bomba lilikuja fupi, halina kofia. Mvua za Novemba ziliingia ndani na moshi ukaturudia siku nne. Fundi nilimpigia weee, mpaka akaja. Mdomo wa kuni ni mdogo, kwa hiyo lazima zipasuliwe nyembamba na zikauke sawasawa. Mbichi hazishiki kabisa. Ufa wa mdomoni tunauziba wenyewe kwa udongo wa kichuguu na majivu.

Bado ni kuni, hilo silifichi. Serikali imeagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, na mkakati wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe ifikapo 2034. Gesi tunaitaka, mfuko wa shule haujafika huko. Kama na nyie mko hapo, jengeni, ila bakizeni sehemu ya malipo ya fundi mpaka mvua ya kwanza inyeshe.

Alhamisi hizi kidato cha pili wanapima kuni kwa mizani mlangoni mwa jiko, wanaandika kilo ubaoni.