TAHADHARI: jamaa anayeuza Canonet hapa Kampala, kamera inapiga vizuri siku ya kuuziwa tu

Wadau wa kamera za filamu wa Kampala na Entebbe, na nyie wa Nairobi mnaoagiza vitu huku vinakuja kwa basi, someni hii kabla hamjatuma hela kwa simu. Kuna jamaa anauza Canonet QL17 GIII, kamera ya filamu ya Canon, huwa anazipiga picha juu ya kitambaa cha kijani, na kila baada ya wiki mbili ana nyingine "ya marehemu mjomba", sijui wajomba wangapi hao. Jina anabadilisha kila mara kwa hiyo silitaji, ila mchezo wake ni uleule.

Mimi nilikuwa natafuta reinjifainda (kamera unayoweka fokasi kwa kulaza picha mbili pamoja dirishani) ndogo isiyonisumbua. Olympus XA niliipenda maana inaingia mfukoni kabisa, lakini shata yake, kile kinachofunguka na kujifunga kupitisha mwanga, ni ya umeme, sakiti ikifa hapa kwetu utampelekea nani? Yashica Electro nayo betri ikiisha inakuachia spidi moja tu ya shata, 1/500 ya sekunde. Canonet ni springi na gia, bila betri inapiga spidi zote kutoka 1/4 mpaka 1/500, mwanga unakadiria mwenyewe. Ilitoka 1972 na bado watu wanaitegemea, ndo maana nikaitaka, na jamaa anajua watu wanaitakia hilohilo.

Tukakutana karibu na Old Taxi Park, kaja na boda. Laki tano na nusu za Uganda, halafu akaongeza elfu hamsini eti kwa sababu hii ni ya Japan sio ya Taiwan (Canon walizitengeneza kote kuwili, hiyo hamsini ilikuwa kodi ya ushamba wangu). Nikafungua mgongo, nikaweka 1/8, nikachungulia kwenye lenzi, vile vibati vyembamba vya shata vinafunguka na kujifunga safi kabisa. Nikaelekeza kwenye mnara wa msikiti wa Old Kampala kuangalia fokasi ya mbali, ule mstatili wa njano katikati ukaonekana vizuri na picha mbili zikalaliana. Kitu kimoja tu kilinigusa pua, harufu ya petroli, nikajiambia ni boda aliyokuja nayo.

Haikuwa boda.

Siku nne baadaye nikaenda Jinja kwenye harusi ya binamu yangu, nikapiga filamu nzima, picha 36, bi harusi, keki, mpaka wazee wakicheza. Filamu ikarudi kutoka kusafishwa iko wazi mwanzo mpaka mwisho, unaweza kusomea gazeti kupitia kwake. Namba za pembeni zipo zimetoka vizuri, maana yake dawa ya kusafishia haina kosa, ni mwanga ndo haukuingia. Nikafungua mgongo nikabonyeza, klik inasikika, vibati havijatikisika hata kidogo. Jamani. Binamu mpaka leo hajaambiwa.

Fundi alipofungua mbele akacheka. Mafuta ya zamani yametambaa mpaka kwenye vibati, vimegandana. Dawa ya kweli ni kuifungua yote na kuisafisha, lakini huyu mfere (tapeli) anachofanya ni kudondoshea petroli ya viberiti vya utambi, ile ya kujazia, vibati vinalegea, anakuuzia siku hiyohiyo, petroli ikikauka mafuta yanarudi palepale.

Nikampigia. Kwanza, "kaka hiyo ni betri, ile ya zebaki haiuzwi tena". Kweli haiuzwi, lakini betri ya Canonet ni ya mita ya mwanga, ukitoa pete ya lenzi kwenye A (otomatiki) ukachagua tundu la mwanga mwenyewe haiihitaji hata kidogo. Halafu eti nimeiangusha. Mwisho, sikilizeni hii, akasema kwa huruma atainunua tena kwa laki moja.

Hapo ndo nikaelewa. Nilipomwonyesha mshkaji mmoja wa Ntinda akaishika akasema hii naijua, ina kibonyeo kona ya juu karibu na kidirisha, niliinunua kwake mwezi wa tatu ikaganda nikamrudishia kwa laki na ishirini. Yaani kamera moja inazunguka mji, kila ikipita kwa mtu jamaa anabaki na laki nne na zaidi.

Kwa hiyo ukiambiwa "njoo leoleo kuna mtu mwingine anaitaka", mwachie huyo mtu. Lipa nusu, ikae kwako siku tatu bila kuguswa, halafu mbonyezo wa kwanza kabisa uutazame kwa macho, maana ukishabonyeza mara kumi hata iliyogandana huwa inalegea ikakudanganya. Mulika vibati na tochi ya simu, viwe vikavu, ukiona rangi za upinde wa mvua kama za oili kwenye dimbwi, acha. Na inusishe pua yako, usione aibu.

Yangu iko kwa fundi, kaomba elfu mia na hamsini mpaka Ijumaa. Mkiiona inauzwa, ile ya fedha yenye kibonyeo, jueni imeibwa, maana mimi simrudishii.