Mamlaka ya Ziwa Tanganyika: huduma inayotolewa na mwelekeo unaoifaa

Mamlaka ya Ziwa Tanganyika haiuzi bidhaa wala haina dirisha la kuhudumia wateja, lakini watumiaji inao, nao ni wengi: wavuvi, wachuuzi wa dagaa, wasafiri wa maboti na kila anayechota maji kandokando ya ziwa, kuanzia Bujumbura, Burundi, hadi Mpulungu, Zambia. Kwa sababu hiyo ni haki kuipima kama inavyopimwa huduma nyingine yoyote.

Chombo hiki kilitokana na mkataba uliotiwa saini Dar es Salaam mwezi Juni 2003 na Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia, na makao yake yako Bujumbura. Kwa miaka mingi kimejulikana zaidi kwa miradi ya wafadhili, ukiwemo ule wa LATAWAMA, uliogharimiwa na Umoja wa Ulaya na kushughulika na ubora wa maji pamoja na uchafu unaotoka mijini. Kazi hiyo ilikuwa ya maana. Hata hivyo, mradi una tarehe ya kufungwa, na vipimo vya maji vinavyokoma mfadhili anapoondoka humsaidia mtu mmoja tu, yaani mwandishi wa ripoti ya mwisho.

Huduma ambayo mtumiaji wa kawaida ameiona kwa macho yake ni kufungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kufuatia makubaliano ya kikanda ya mwaka 2021. Burundi iliutekeleza utaratibu huo mwaka 2023, na Tanzania ikaanza mwaka 2024. Tofauti hiyo ya mwaka mmoja si jambo dogo, kwa maana dagaa na migebuka hawana pasipoti: nchi moja ikipumzisha maji yake huku jirani akivua kwa taa usiku kucha, anayepumzika anamfugia mwenzake. Hapa ndipo thamani ya Mamlaka inapoonekana, kwa sababu hakuna serikali yoyote kati ya hizo nne inayoweza kuliamrisha ziwa zima peke yake.

Wazo la kupumzisha maji lenyewe si geni kwa wavuvi, ambao tangu zamani hutia nanga wakati wa mbalamwezi kubwa, taa zinaposhindwa kuwavuta samaki. Ugeni uko katika urefu wa miezi mitatu na gharama yake. Katika kipindi hicho, dagaa wanaopimwa kwa sado sokoni ni wale wa akiba, waliokwisha kugeuka kahawia kwa kukaa, na bei yao haiwaonei huruma walaji. Vizimba vya kufugia samaki vilitajwa kama njia mbadala, lakini kizimba kinahitaji mtaji, vifaranga na chakula, vitu ambavyo kibarua anayelipwa kwa usiku mmoja wa kuvuta wavu hana.

Kuna pia upotevu wa nchi kavu, ambao kalenda ya kufunga uvuvi haiugusi kabisa. Dagaa aliyeanikwa juu ya chanja hubaki mweupe na mkavu. Aliyeanikwa mchangani, hata akioshwa mara tatu, bado hukwaruza meno, naye huuzwa kwa bei ya kutupa. Kila debe linaloharibika ufukweni ni samaki waliovuliwa bure, na kwa maoni yangu chanja zilistahili kupewa uzito uleule unaopewa doria.

Kuhusu mwelekeo wa mbele, ningependa Mamlaka ipunguze wingi wa miradi na ijenge mambo ambayo hayafi: takwimu za samaki zinazokusanywa kwa namna moja katika nchi zote nne, vipimo vya joto na kina cha maji visivyokatika, na michango ya nchi wanachama inayolipwa kwa wakati. Joto la maji lina uzito wa pekee. Katika ziwa lenye kina cha takriban mita 1,470, maji ya juu yanapopata joto huzuia yale ya chini, yenye virutubisho, kupanda, hivyo chakula cha dagaa hupungua hata pasipo nyavu haramu. Kufunga uvuvi hakuwezi kuondoa tatizo hilo. Vilevile, mafuriko ya ziwa yaliyozikumba Gatumba ya Burundi na Uvira ya Kongo yanaonyesha kwamba mto Lukuga, njia pekee ya maji kutoka ziwani, unahitaji kujadiliwa na nchi zote nne kwa pamoja.

Kasoro ya mwisho ni ya mawasiliano. Shughuli rasmi za Mamlaka huendeshwa kwa Kiingereza na Kifaransa, ilhali mvuvi wa Kalemie, Kongo, na mwenzake wa Kigoma, Tanzania, huelewana kwa Kiswahili. Ingetosha, kila Agosti, kubandikwa katika kila mwalo karatasi moja ya Kiswahili inayoonyesha kilichovuliwa kabla na baada ya kufungwa. Kwa kalenda ya pamoja naipa Mamlaka alama za juu. Kwa kumwonyesha mvuvi faida aliyoilipia kwa miezi mitatu ya kukaa bure, bado naipa chini ya nusu.