WITCH au Musi-O-Tunya: rock ya Zambia iliyonilea
Nilikulia Kitwe, Zambia, miaka ya 1970, mtoto wa Kitanzania, na rock ya Zambia ikaniingia damuni. Bendi ya WITCH walikuwa moto: gitaa la umeme linakwaruza, na mwimbaji wao Jagari, aliyepewa jina hilo kwa kufananishwa na Mick Jagger wa Rolling Stones, anaimba kama kapandisha mashetani. Santuri ya kaka yangu ilikuwa na mchubuko. Sindano ikifika pale inaruka, na hadi leo nausubiri ule mruko. Musi-O-Tunya, bendi ya Rikki Ililonga, ni tofauti: ngoma za mikono, ala za kupuliza, mdundo wa nyumbani ndani ya rock. Nao walipiga na kurekodi Nairobi. Kwa kucheza, nachagua WITCH. Kwa kukumbuka, Musi-O-Tunya. Humo nausikia mtaa wetu jioni.