Lincoln na Obama: nani alifaa bungeni, nani mahakamani?

Wote walikuwa mawakili, wote walipitia bunge la jimbo la Illinois. Lincoln hakusomea sheria darasani: aliazima vitabu, akapata leseni 1836 akiwa tayari mbunge. Obama, ambaye baba yake ni wa Kogelo, alihitimu Harvard 1991, akaingia Seneti ya jimbo 1997.

Bungeni nampa Obama ushindi. Mwaka 2003 alisukuma sheria ya kuwarekodi watuhumiwa wa mauaji wanapohojiwa na polisi. Seneti ikaipitisha kwa kauli moja. Lincoln yeye anakumbukwa kwa kuruka dirishani 1840 ili akidi, yaani idadi ya wabunge inayotakiwa kikaoni, isitimie. Alichelewa, walishamhesabu!

Mahakamani mambo yanageuka. Obama alishughulikia haki za kiraia na kufundisha katiba, kazi ya maana ila ya kimyakimya. Lincoln alizunguka mji hadi mji kwa farasi, leo kesi ya deni, kesho ya mauaji. Mwaka 1858 shahidi alidai ameona kila kitu kwa mbalamwezi. Lincoln akatoa almanaki, kitabu cha kalenda chenye nyakati za mwezi: saa ile mwezi ulikuwa unakaribia kuzama. Mteja wake akaachiwa.