Huduma za kuandaa nyumba ya kuuza Dar: ipi inarudisha pesa, ipi ni rangi juu ya unyevu

Mwenye nyumba anayetaka kuuza Tegeta, Goba au Kigamboni hakosi watu wa kumwambia "iweke vizuri kwanza". Fundi rangi atasema hivyo, kampuni ya usafi itasema hivyo, mpambaji mwenye fanicha za kukodisha atasema hivyo, na dalali atasema kwa sauti kuliko wote. Marekani kazi hii ina wataalamu wake, na anayehesabiwa mwanzilishi ni Barb Schwarz wa Seattle, aliyeianza mwaka 1972. Huku kwetu inauzwa vipande vipande, kila mtu na kifurushi chake. Hapa vinapimwa kwa kipimo kimoja: mnunuzi akifika na fundi wake, kazi uliyolipia inasimama au inaumbuka?

Maana mnunuzi wa Dar haji peke yake. Anakuja na mwenza, na kaka mkubwa, na mtu wa kugonga ukuta kwa ufunguo. Atafungua bomba, atainama kutazama chini ya sinki, ataulizia hati kabla hajasifia pazia.

RANGI (nyota 4 kwa fundi mkweli, sifuri kwa wa haraka)

Hapa ndipo pesa nyingi huenda na ndipo nyingi hupotea. Kifurushi cha kawaida ni "nyumba nzima siku nne": skimu (tabaka laini la kusawazisha ukuta), koti mbili, kazi imekwisha. Kwa nyumba kavu ya Kimara juu mlimani kinatosha. Kwa nyumba ya ukanda wa bahari, ambako ukuta umeanza kubanduka kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, ni hasara tupu.

Sababu yenyewe iko wazi. Nyumba nyingi zimejengwa bila tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi, au tofali zilifyatuliwa kwa mchanga na maji yenye chumvi. Maji hupanda kutoka ardhini kupitia tofali, yanafika kwenye lipu, yanakauka na kuacha chumvi. Chumvi ikiganda inavimba, na kinachovimba kinasukuma skimu nje. Ukipaka rangi ya mafuta eneo hilo, kama mafundi wengi wanavyoshauri ("ya mafuta haipitishi maji, bosi"), umefunga mlango huku mgeni yuko ndani: unyevu unakosa pa kutokea na rangi inatoa malengelenge makubwa kama visosi. Masika ikianza Machi, wiki chache zinatosha.

Kabla ya kumlipa mtu yeyote, fanya jaribio la nailoni. Kata kipande cha sentimita 50 kwa 50, kibandike ukutani sentimita 20 juu ya sakafu, ziba pande zote nne kwa selotepu, kiache mpaka kesho yake. Ukikuta matone upande wa ndani, maji yanatoka ukutani. Matone yakiwa upande wa nje, ni joto na mvuke wa chumba tu, unahitaji kufungua madirisha.

Ukuta ukionekana na maji, kazi halali ni hii, na fundi asiyeitaja mwage. Lipu inabomolewa mpaka sentimita 30 hadi 50 juu ya alama ya unyevu. Tofali linasuguliwa kwa brashi ya waya na kuachwa wazi wiki mbili au zaidi. Lipu mpya inapigwa kwa saruji moja kwa mchanga nne, mchanga wa mto uliochekechwa, pamoja na dawa ya kuzuia maji kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kopo. Inamwagiliwa siku saba, inasubiri kukauka hadi ifike wiki ya nne, ndipo inakuja praima ya kuhimili saruji na rangi ya maji. Nje nako patazamwe: pevingi au bustani ya maua iliyopanda hadi usawa wa sakafu ndiyo inayolisha ukuta. Ardhi ya nje inatakiwa iwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 angalau.

Kwa hiyo kuandaa nyumba ya pwani si kazi ya siku nne, ni ya wiki sita hadi nane. Asiyekuwa na muda huo afadhali aache ukuta ulivyo, amwonyeshe mnunuzi, apunguze bei. Rangi mbichi inayoishia usawa wa goti inasema zaidi kuliko ukuta uliochakaa. Fundi wa mnunuzi ataiweka kiganja na kutabasamu.

Vipimo vya rangi navyo vina mchezo. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kimo cha mita 3, ukitoa mlango na dirisha, kina kuta za takribani mita za mraba 44. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hufunika mita 10 kwa koti, hivyo koti mbili zinataka kama lita 9. Ndoo ya lita 20 inamaliza vyumba viwili vya namna hiyo na kubakiza kidogo. Fundi akikuambia ndoo moja itapaka nyumba ya vyumba vitatu na sebule, jua anaongeza maji. Ndoo nyingi huruhusu asilimia 10 mpaka 20 kwa koti la kwanza. Kuna saiti ambako ndoo ya 20 hugeuka 35. Utaitambua ikikauka: pitisha kitambaa cheusi ukutani, kikirudi na unga mweupe, umelipia maji.

Rangi yenyewe iwe nyeupe iliyovunjwa au maziwa, rangi moja hiyo hiyo nyumba nzima. Sebule ya kijani na njano humfurahisha mwana-Yanga peke yake, na nyekundu humfurahisha jirani yake wa Simba.

USAFI WA KINA (nyota 5, ukiwa umesimama hapo hapo)

Kwa kila shilingi, hakuna huduma inayoshinda hii. Timu ya watu wanne inamaliza nyumba ya vyumba vitatu kwa siku moja hadi mbili, na mabadiliko yanaonekana hata kwenye picha. Lakini simamia mambo mawili.

La kwanza ni asidi. Vijana wengi wa usafi hubeba chupa ya asidi ya chooni na kuimwaga kila mahali, kwa sababu inang'arisha marumaru kwa dakika moja. Inakula pia grauti kati ya marumaru, na mvuke wake unababua bomba za kromu zikawa na madoa meusi ambayo hayatoki tena. Asidi ibaki ndani ya bakuli la choo. Grauti isuguliwe kwa brashi ngumu, sabuni ya unga na maji ya moto. Ikikataa kung'aa, ikwanguliwe milimita 2 na kujazwa mpya.

La pili ni harufu, na hili kampuni nyingi hazilijui kabisa. Nyumba iliyokaa tupu mwezi au miwili hunuka chemba, hata ikipigwa deki kila siku. Wanaita mnyonya maji machafu, karo linanyonywa, harufu iko pale pale. Tatizo liko kwenye kidude cha kutolea maji sakafuni bafuni. Chini yake bomba limepindwa ili libakize maji kidogo, na maji hayo ndiyo kizibo kinachozuia hewa ya chemba. Nyumba isipotumika, maji yanakauka, kizibo kinaondoka. Mimina lita moja ya maji kila kidude cha sakafuni, kila sinki, na vuta maji vyoo vyote. Juu yake ongeza kijiko cha mafuta ya kupikia ili maji yasikauke haraka. Rudia kila wiki. Gharama yake haifiki hata ya soda.

Udi na manukato ya kupulizia viache. Nyumba inayonukia sana saa tatu asubuhi humfanya mnunuzi atafute kinachofichwa.

Kampuni ikimaliza, omba ijumuishe na haya, maana huwa hayamo kwenye bei: nyavu za madirisha zishushwe na kuoshwa, reli za madirisha ya alumini zifagiliwe mchanga (ndio unaofanya dirisha ligome), filta za AC, feni, na magugu katikati ya pevingi.

FANICHA ZA KUKODI (nyota 2 kwa nyumba ya familia, 4 kwa apatimenti)

Huduma hii imevutia watu mno na inastahili kutazamwa kwa jicho kavu. Kwa apatimenti ya Masaki au Upanga iliyo tupu, inasaidia kweli: chumba kitupu huonekana kidogo, na mnunuzi hashiki akilini kochi litakaa wapi. Kwa nyumba yenye kiwanja Mbezi, mnunuzi ananunua ardhi, uzio, maji na hati. Kochi la kijivu halimwongezei kitu. Kama ni lazima, kodi za sebule na chumba masta tu.

Angalia vipimo. Kitanda cha 4 kwa 6 ndani ya masta ni ujanja unaojulikana, na mnunuzi mwenye futi mfukoni ataona ametegwa. Weka 5 kwa 6, pabaki sentimita 70 kila upande. Sebuleni njia ya kupita iwe sentimita 80 hadi 90.

Mkataba ndio penye maumivu. Bei hutajwa kwa mwezi, nyumba huuzwa kwa miezi. Uliza kabla: kuongeza wiki moja ni bei gani, usafiri ni wa kwenda na kurudi au wa kwenda tu, na dalali akiketisha watu sita kwenye kochi jeupe nani analipa. Nyumba yenye fanicha za watu na haina mtu inahitaji mlinzi, na mshahara wake haumo kwenye kifurushi.

Unaishi bado ndani? Huna haja ya kukodi, una haja ya kutoa. Seti ya sofa ya 3-2-1-1 kwenye sebule ya mita 4 kwa 4: ondoa zile mbili za mtu mmoja. Ondoa mapipa ya maji koridoni, kalenda, mtungi wa gesi wa akiba, na picha za harusi. Badilisha balbu zote za chumba kimoja ziwe za aina moja. Balbu nyeupe ya bluu na ya njano zikiwaka pamoja hufanya ukuta mpya uonekane na madoa. Chumba cha mita 4 kwa 4 kinatosheka na balbu mbili za LED za wati 9.

Ongeza meza moja yenye faili: nakala ya hati, ramani, kibali cha ujenzi, risiti za kodi ya ardhi, bili za maji. Hati halisi isitoke kabatini mpaka mnunuzi aende kufanya upekuzi rasmi wa hati ofisi ya ardhi, na nakala isipewe dalali kuzunguka nayo. Mita ya maji ya DAWASA ijaribiwe siku moja kabla: funga bomba zote nusu saa, namba ikisogea, kuna bomba linavuja, na pengine ndilo lililolowesha ule ukuta wa mwanzo.

PICHA (nyota 4, hata kwa simu)

Mpiga picha wa kulipwa anafaa kwa nyumba kubwa. Nyingine simu inatosha, ila si kwa ile lenzi pana ya 0.5, inayogeuza jiko la mita 2 kuwa ukumbi. Mnunuzi akifika anaona amedanganywa na safari ya dalali imepotea. Simama konani, simu ilale, iwe usawa wa kifua, taa zimewashwa na mapazia yamefunguliwa, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi kabla bati halijapata moto. Futa lenzi. Picha ya kwanza iwe ya mbele ya nyumba, geti likiwa wazi na gari limeondolewa. Choo kipigwe kifuniko kikiwa kimefungwa, na ndoo na kopo viwe vimetolewa.